Wimbo Haubebi Kipande

Ukisimama Gatuanyaga asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, kuna mlima unakutazama kutoka ng'ambo ya Mto Athi. Una majina mengi kama mtu mwenye madeni. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wakikuyu wanauita Kirima kia Njahi. Kwa Kiswahili ni Kilimambogo, mlima wa mbogo. Kila jamii iliyoishi chini yake imeubatiza kwa lugha yake, na mlima umeyapokea yote bila kumrekebisha mtu.

Sisi wa upande huu tuko Kiambu. Ukivuka mto uko Machakos. Kwenye ramani ni kaunti mbili, lakini sokoni Ngoliba au kwenye mathree ya kwenda Thika huwezi kujua nani ametoka wapi mpaka simu yake iite. Hapo ndipo mambo huanza. Dereva akiweka mugithi, mmoja anaitikia. Akiweka benga ya Kikamba, mwingine anainua mabega. Mtu akisema "weka ya kwetu", makanga anauliza kwa mzaha, "ya kwenu wapi?" Ni utani tu. Ila siasa zikichemka, kama zinavyochemka kila miaka mitano, swali hilo hilo huulizwa bila kicheko.

Nimekuwa nikifuatilia nyimbo hizo "za kwetu" na "za kwao" nikitaka kujua zilitoka wapi hasa. Kila nikivuta uzi mmoja, unatoka na jirani. Acha nikuonyeshe nyuzi chache, nikianza na ule ulio karibu na mlango wangu.

Neno moja la Kifaransa

Kakai Kilonzo alizaliwa 1954 na kufariki 1987. Katika miaka hiyo michache aliifanya bendi yake kuwa mojawapo ya bendi kubwa za benga ya Kikamba, na jina lake alilitoa kwenye mlima wetu: Les Kilimambogo Brothers. Soma jina hilo tena, polepole. "Brothers" ni Kiingereza. "Kilimambogo" ni Kiswahili. Na "Les" je? Ni Kifaransa, kale kaneno wanakoweka mbele ya majina ya vitu vingi. Sasa Kifaransa kilifikaje kwa vijana wa Ukambani wenye magitaa, chini ya mlima ambao hakuna Mfaransa aliyewahi kuutawala?

Jibu liko Nairobi ya miaka ya 70. Wanamuziki kutoka Zaire, nchi tunayoiita leo Kongo, walikuwa wakimiminika mjini. Kulikuwa na Baba Gaston, kulikuwa na Les Kinois, na 1976 kundi la vijana likajitenga na Baba Gaston likajiita Les Mangelepa. Nyimbo zao zilikuwa na magitaa yanayometameta, na mavazi yao yalitoa jasho la wivu kwa kila mtu aliyesimama jukwaani na shati la kawaida. "Les" ikawa kama lebo ya ubora. Ukiiweka mbele ya jina lako, watu wanajua umekuja kucheza.

Ndiyo maana hata bendi isiyo na Mkongo ikaibeba. Les Wanyika, wale wa "Sina Makosa", wengi tulikua tukidhani ni Wakongo. Kumbe shina lake ni Tanga, Tanzania. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George Peter, walianzia Jamhuri Jazz Band ya Tanga, wakapitia Arusha, wakafika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 70 na kuunda Simba Wanyika. Mwaka wa 1978 baadhi ya wanamuziki wao, akiwemo mpiga gitaa Omar Shabani, wakatoka na kuanzisha Les Wanyika. Hivyo wimbo ambao Mkenya yeyote atauimba harusini kama wimbo wa taifa la pili ulitoka kwa bendi yenye mizizi ya Tanzania, yenye jina la Kifaransa, iliyokuwa ikipiga Nairobi.

Kakai naye alifanya jambo jingine la akili. Mbali na Kikamba, aliimba kwa Kiswahili, na nyimbo kama "Mama Sofi" zikavuka mto na kuenea nchi nzima. Aliona mapema kwamba mtu hahitaji kuacha kwao ili afike kwa wengine. Mlima ulibaki kwenye jina la bendi. Lugha ndiyo iliyopanda basi.

Babu, baba na "Vuta Pumz"

Uzi wa pili unaanzia Brussels mwaka wa 1960. Viongozi wa Kongo walikuwa wamekwenda Ubelgiji kujadili uhuru wa nchi yao, na Joseph Kabasele akaenda na kikosi cha wanamuziki. Huko huko wakatunga na kurekodi "Indépendance Cha Cha", wimbo uliozunguka Afrika nzima mwaka ambao bendera za wakoloni zilikuwa zikishushwa moja baada ya nyingine. Kati ya waliosafiri alikuwemo mwimbaji Vicky Longomba, mmoja wa waliokuwa na Franco katika OK Jazz tangu ilipoanza 1956.

Jina Longomba limekugusa? Inafaa likuguse. Mwanawe, Lovy Longomba, alikuja Afrika Mashariki na akawa mmoja wa waimbaji wa Orchestra Super Mazembe jijini Nairobi. Na wana wa Lovy, Christian na Lovy mdogo, ndio The Longombas, wale waliotupa "Dondosa" na "Vuta Pumz" chini ya Ogopa Deejays miaka ya mwanzo ya 2000. Kama uliwahi kuruka kwenye karamu ya shule ukiimba "Vuta Pumz", basi ulikuwa ukicheza na wajukuu wa sauti iliyoimba uhuru wa Kongo. Na yule Awilo Longomba aliyetikisa vilabu mwishoni mwa miaka ya 90? Huyo pia ni mtoto wa Vicky. Ni ami yao.

Ndani ya familia moja kuna vizazi vitatu: rumba ya uhuru, rumba ya Nairobi, na muziki wa vijana wa mtaani. Tukizipanga nyimbo hizo kwenye simu tunaziweka mafungu matatu tofauti, kana kwamba hazijawahi kula meza moja.

Super Mazembe wenyewe wana kisa kingine. Jina lao linamaanisha matrekta makubwa yale ya kusukuma udongo, na walifika kutoka Zaire katikati ya miaka ya 70. Wimbo wao maarufu zaidi kwa Kiswahili, "Shauri Yako", haukuwa wao kwa asili. Ulitungwa na Nguashi Ntimbo, Mkongo mwenzao. Wao waliuchukua, wakaupika upya, na leo ukiuliza watu kumi ni wa nani, tisa watakwambia ni wa Mazembe na wa kumi atasema ni wa zamani.

Halafu kuna "Kasongo", wimbo wa Kilingala wa miaka ya mwisho ya 70, ambapo mwanamke anamlilia mumewe arudi nyumbani. Kwa karibu miaka hamsini ulikuwa wimbo wa wazee na wa baa. Kisha mwisho wa 2024 vijana wa Kenya, wengi wao wakiwa hawajui hata neno moja la Kilingala, wakauokota na kumpachika Rais William Ruto jina hilo. Likashika kama gundi, mpaka yeye mwenyewe akawa analitaja hadharani kwa utani. Fikiria safari hiyo: kilio cha mke aliyeachwa, kilichoimbwa na wageni Nairobi, kikawa jina la utani la rais, kwenye simu za watoto waliozaliwa bendi ikiwa imeshanyamaza. Lakini ni wangapi kati yetu waliouliza ni nani aliyeimba, na kama ameacha mtu?

Benga haina kabila moja

Tukirudi kwenye mathree ya Thika, lile swali la "ya kwetu" huwaka zaidi kwenye benga na dada yake mugithi. Hapa Thika tuko mlangoni mwa Gatanga, ambako ukitupa jiwe utampiga mwanamuziki. Daniel Kamau, maarufu DK, anatoka huko, na alianza kurekodi mwishoni mwa miaka ya 60 akiwa bado kijana wa shule. John De'Mathew alitoka huko pia, na barabara ilimchukua hapa hapa Thika, karibu na Blue Post, Agosti 2019. Mzee yeyote wa Gatanga atakwambia kwa kiburi cha haki kwamba benga ya Kikuyu ni kazi ya mikono yao.

Ni kweli. Lakini benga yenyewe waliipata wapi? Ilitoka Nyanza, kwa Wajaluo, ambao walichukua gitaa wakalilazimisha kuongea kama nyatiti, ala yao ya nyuzi nane. Ndiyo maana gitaa la benga haliburuzi sauti, bali linadonoa. Besi inaruka badala ya kutembea. Na ndiyo maana kwenye kila benga kuna wakati mwimbaji ananyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja yakimbie peke yao, na watu wanainuka. DK alilichukua umbo hilo akalivisha sauti na visa vya Gatanga. Kakai akalichukua akalivisha Kikamba. Ukisikiliza kwa makini zile nyimbo tatu, moja ya Kijaluo, moja ya Kikuyu na moja ya Kikamba, utasikia ndugu watatu waliolelewa nyumba tofauti.

Sasa shikilia kiti. Mtu aliyeibeba benga mabegani kuliko wengi, D. O. Misiani wa Shirati Jazz, hakuzaliwa Kenya. Alizaliwa 1940 karibu na Shirati, Tanzania, na bendi ikabeba jina la kwao. Alivuka mpaka, akaimba kwa Kijaluo kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa sababu ya maneno yake makali aliwahi kuonja seli. Alifariki 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu. Kwa hiyo muziki tunaouita wa Kenya kuliko wote, mzee wake ni mtoto wa Mara.

Haikuishia hapo. Mtayarishaji mmoja, Phares Oluoch Kanindo, alikuwa akichapisha benga kwa wingi miaka ya 70, na sahani zake zikasafiri mpaka kusini. Zimbabwe walizipenda kiasi kwamba mtindo huo wakauita "kanindo", kwa jina la mwenye lebo. Mojawapo ya lebo zake iliitwa Sungura. Leo ukienda Harare utakuta muziki wao maarufu wa magitaa unaitwa sungura, neno la Kiswahili lenye masikio marefu, lililofika kule likiwa limechapwa kwenye kikaratasi cha katikati ya sahani. Wapigania uhuru wao waliopitia kambi za Tanzania walikuwa nao wakirudi nyumbani na ladha hiyo masikioni.

Basi nani mwenye benga? Mjaluo wa Tanzania? Mkikuyu wa Gatanga? Mkamba wa mlimani? Mshona wa Harare? Wakati wa ukoloni Mwafrika alivalishwa kipande shingoni ili serikali ijue ni wa wapi na anafanya kazi kwa nani. Wimbo haujawahi kubeba kipande. Ulipita vizuizini bila kusimamishwa, ukiwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akisimamishwa kila mara.

Hata vile tunavyoviita mila havipo salama. Mwomboko, ngoma ambayo wazee wa Mlimani wanaicheza kama urithi wa Agikuyu, inapigwa kwa kodiani, ala ya Ulaya, na hatua zake ni binamu wa dansi za Wazungu. Wazee walizitazama, wakazichukua, wakazigeuza zao kabisa. Hilo halipunguzi mwomboko. Linaonyesha tu kwamba kuiga kwa akili ni kazi, na kazi hiyo ina wenyewe.

Wimbo ukitajirika, mtunzi je?

Hapa ndipo stori tamu inapoanza kuuma. Maana kama wimbo haubebi kipande, jina la mtunzi nalo hudondoka njiani kirahisi.

Mwanzoni mwa miaka ya 60 kulikuwa na studio Nairobi iitwayo Equator Sound, chini ya Charles Worrod. Bendi ya studio ilikuwa Afrika Mashariki na Kati kwa ufupi: Fadhili William kutoka Taita, Daudi Kabaka kutoka magharibi mwa Kenya, Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia. Wimbo wa Kabaka, "Helule Helule", ulisikika na bendi ya Kiingereza, The Tremeloes. Wakaurekodi, na 1968 ukaingia ishirini bora Uingereza. Vijana wa London walikuwa wakirukaruka kwa twisti ya Nairobi, na wengi wao hawakujua Nairobi iko wapi.

"Malaika" ulikwenda mbali zaidi. Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauimba na Harry Belafonte kwenye albamu ya 1965 iliyoshinda Grammy. Boney M wakaurekodi Ujerumani. Angélique Kidjo wa Benin naye akaupitia. Wimbo wa kijana asiye na mahari ukaingia kwenye majumba ya watu wasiowahi kusikia habari ya mahari. Wakati huo huo, huku nyumbani, mabishano ya ni nani aliyeutunga hayakuisha. Fadhili alisema ni wake. Adam Salim, Mtanzania, alisema aliutunga Nairobi 1945. Grant Charo naye alitajwa. Fadhili William na Daudi Kabaka wote wawili walifariki 2001, mwaka mmoja, na hakuna kati yao aliyejulikana kwa utajiri.

Sitaki kuigeuza hii kuwa hukumu. Ninachokiona ni utaratibu. Wimbo unapotoka mdomo mmoja kwenda mwingine, unaongezeka thamani, na thamani hiyo humfuata yule aliyeandika jina lake kwenye karatasi mwisho. Mwanamuziki wa miaka ile mara nyingi alilipwa mara moja, papo hapo studioni, akarudi nyumbani na nauli na unga. Karatasi zilibaki kwa wengine.

Na karatasi hizo zina saa. Sheria ya Kenya ya hakimiliki ya 2001 inaulinda utunzi wa muziki kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka ambao mtunzi alifariki. Kwa Kakai Kilonzo, aliyekufa 1987, ina maana nyimbo alizotunga zina mwenyewe mpaka mwisho wa 2037. Lakini rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studioni, ulinzi wake ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya 1977 mlango wake unafungwa mwisho wa 2027. Maana yake muziki wa ule wakati wa dhahabu, wa Mazembe, wa Wanyika, wa Kilimambogo, unaanza kutoka mikononi mwa wenyewe sasa hivi, wakati sisi tunaupigia makofi mtandaoni.

Ndiyo maana nampenda kijana mmoja anayeitwa KMRU. Ukimjua, unamjua kwa muziki wa sauti tulivu usio na maneno: upepo, nyaya za umeme, mngurumo wa mji. Anaishi Berlin, na albamu yake "Peel" ya 2020 ilisifiwa na watu wanaosikiliza muziki kwa macho yaliyofumbwa. Jina lake kamili ni Joseph Kamaru. Ndiyo, Kamaru. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru wa Murang'a, yule jabali aliyeanza kuwaimbia na kuwaonya viongozi kwa Kikuyu miaka ya 60, na aliyefariki 2018. Mjukuu hafanani na babu hata kwa noti moja. Lakini alichukua nyimbo za babu yake, akazitafuta, akazisafisha, akaanza kuziweka mtandaoni kwa jina la babu, ili anayenunua ajue ananunua kwa nani.

Hiyo ni kazi ambayo haihitaji kuwa Berlin, wala kuwa na babu maarufu. Kwenye nyumba nyingi za Thika, Ruiru na hapa Gatuanyaga kuna sanduku la sahani au kaseti chini ya kitanda, limejaa vumbi na majina. Kwenye kila kikaratasi cha katikati kuna mtunzi, bendi, lebo, nambari. Piga picha. Andika majina kama yalivyo. Muulize mzee ni nani alipiga gitaa la pili, kwa sababu gitaa la pili halitajwi popote na ndilo linalofanya ucheze. Na familia ya mtunzi ikiwa jirani yako, wapelekee. Huenda hawajui kwamba kitu hicho bado ni chao, na kwamba miaka inahesabika.

Makanga akiuliza tena "ya kwenu wapi?", sitabishana naye. Nitamtajia mtu. Nitamwambia, weka ile ya Kakai.